Pazia Lisilokuwapo: Kumbukumbu za Waigizaji wa Tamthilia za Nyimbo katika Redio za Kibera na Kawangware

Miongoni mwa maswali ambayo watangazaji wa redio za mitaa ya Nairobi hupenda kumuuliza msanii wa jukwaani, lipo moja ambalo ni nadra kukosekana: nyuma ya pazia mambo yalikuwaje? Swali hili huja baada ya salamu na wimbo mmoja wa kumkaribisha mgeni, na kabla ya wasikilizaji kufunguliwa laini za simu. Msanii hucheka kidogo, hunyamaza, kisha huanza kusimulia: vazi lililochanika dakika chache kabla ya kutoka, mwimbaji aliyepotelewa na sauti, umeme uliozimika katikati ya wimbo. Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo, na majibu yake, kwa uzito ambao kwa maoni yetu hayajapewa. Tunadai kwamba swali lenyewe lina kosa ndani yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya wasanii wanaoulizwa hawakuwahi kuwa na pazia. Tunadai vilevile kwamba ni kosa hilo linaloyapa majibu hayo sura ya fasihi.

Yafaa kwanza msomaji aelewe ni redio gani tunazozungumzia. Pamoja FM ilianza kutangaza kutoka Kibera mwaka 2007, na miezi michache baadaye, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba mwaka huo, ikajikuta na kazi nzito ya kuwasihi majirani wasiuane. Kawangware nayo ina Mtaani Radio. Vituo hivi viwili, pamoja na Koch FM ya Korogocho na Ruben FM ya Mukuru, vimewekwa katika masafa yaleyale ya 99.9, kwa mitambo yenye nguvu ndogo isiyopaswa kuvuka mipaka ya mtaa. Mtu atokaye Kibera akavuka Ngong Road kuelekea Kawangware akiwa na redio mkononi hana haja ya kugusa kitufe: sauti moja hufifia katika mkwaruzo, na nyingine huinuka mahali pake. Mhakiki aliyezoea vitabu huenda akaona hilo ni jambo la mafundi. Sisi tunaliona kuwa sharti la utanzu. Kumbukumbu inayosimuliwa Kibera husikiwa na Kibera, yaani na watu waliokuwapo siku ya onyesho au wanaoweza kudai walikuwapo. Fanani hana nafasi kubwa ya kutia chumvi mbele ya hadhira kama hiyo.

Utanzu gani?

Katika makala yake yajulikanayo ya mwaka 1989 katika jarida la Mulika, M. M. Mulokozi aligawa fasihi simulizi katika tanzu sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Uainishaji huo umetufaa sana madarasani, na hatuna nia ya kuubomoa. Hata hivyo, tukijaribu kuiweka kumbukumbu ya jukwaani inayosimuliwa redioni katika mojawapo ya visanduku hivyo sita, tunapata taabu. Ina sifa za soga, kwa kuwa husemwa kwa mzaha baina ya watu wawili wanaochekeana. Ina sifa za kisa, kwa kuwa hueleza tukio mahususi lenye mwanzo, mkwamo na ufumbuzi. Tena hudai ukweli, kama tarihi. Zaidi ya hayo, ni masimulizi kuhusu maigizo, nayo yenyewe huigizwa: msanii hubadilisha sauti na kuigiza hofu ya mwenzake, na mara nyingi huimba ubeti wa wimbo uliokuwa kiini cha onyesho. Hapo hadhira ya redio hupata kipande cha tamthilia ambayo haikuiona, kikiwa kimefungiwa ndani ya kisa cha jinsi kipande hicho kilivyokaribia kuharibika.

Tunapendekeza iitwe kumbukumbu ya jukwaani, na ihesabiwe kuwa mseto wa masimulizi na mazungumzo. Walter Ong, katika kitabu chake cha mwaka 1982, alizungumzia usimulizi wa pili, ule unaozaliwa na redio na vyombo vya aina yake katika jamii ambayo tayari inajua kuandika. Dhana hiyo inasaidia, lakini nusu tu. Ong aliwaza hadhira kubwa isiyoonana. Redio ya mtaa mmoja huwa na hadhira inayoweza kutembea hadi mlangoni mwa studio na kumsubiri msanii atoke.

Mahali pasipo nyuma

Erving Goffman, mwanasosholojia wa Kanada, aliandika mwaka 1959 kwamba kila tendo la binadamu mbele ya wenzake lina upande wa mbele, unaoonyeshwa, na upande wa nyuma, ambako mtu huvua uso wake. Sitiari hiyo aliitoa katika jumba la maonyesho la Magharibi, lenye pazia, vyumba vya kuvalia maleba na mlango wa wasanii. Kenya inalo jumba kama hilo: Kenya National Theatre, lililofunguliwa mwaka 1952 katika Nairobi ya kikoloni. Vikundi vya Kibera, kwa upande wao, mara nyingi vimeigiza uwanja wa Kamkunji, kando ya reli, katika kumbi za makanisa na katika nyua za shule. Hapo hakuna mahali pa kujificha. Maleba hubadilishwa katika chumba cha jirani cha futi kumi kwa kumi, ambamo mwenye nyumba anaendelea kupika. Watoto huchungulia dirishani na kurudi kuwatangazia wenzao kwamba mfalme anavaa suruali. Mfalme atokapo, kila mtu anamjua.

Basi mtangazaji anapouliza habari za nyuma ya pazia, huwa ameazima istilahi ya jumba ambalo mgeni wake huenda alilikanyaga mara moja tu, au hakulikanyaga kamwe. Msanii angeweza kumsahihisha. Kwa kawaida hafanyi hivyo. Badala yake hulijenga pazia kwa maneno: huchagua kati ya mambo yote yaliyoonwa na watu wote, akateua machache na kuyafanya siri. Hicho ni kitendo cha kisanaa. Katika Nguzo Mama (1982) Penina Muhando aliweka Bi Msimulizi kati ya hadhira na wahusika ili kuunda umbali ambao jukwaa la kiasili halina. Msanii wa redio naye huunda umbali kama huo, ila yeye huuunda baada ya onyesho, wakati mwingine baada ya miaka mingi.

Mazoezi yaliyokuwa onyesho

Historia ya tamthilia za nyimbo nchini Kenya ina mfano mmoja ambao unaangaza hoja hii kuliko yote. Ngaahika Ndeenda, ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, ilianza kuonyeshwa Kamiriithu, Limuru, tarehe 2 Oktoba 1977, na leseni yake ikaondolewa tarehe 16 Novemba mwaka huohuo. Kabla ya hapo, mazoezi yalifanywa peupe. Wanakijiji walikuja kutazama, wakacheka, wakasahihisha: mzee hasimami hivyo, bunduki haishikwi namna hiyo. Wapo waliokuwa wamezitengeneza bunduki hizo wenyewe wakati wa Mau Mau. Ngũgĩ ameeleza katika Decolonising the Mind (1986) jinsi uwazi huo ulivyoondoa kiini macho ambacho kwa kawaida huizunguka sanaa. Tukitumia msamiati wetu, Kamiriithu ilifuta nyuma kwa makusudi. Kibera haina nyuma kwa sababu ya ukosefu wa nafasi. Tofauti hiyo ni kubwa, na wahakiki wanaoisifu kila sanaa ya mtaani kuwa ni Kamiriithu mpya huipuuza.

Maitu Njugira ndiyo inayotuhusu zaidi, kwa kuwa hiyo ilikuwa tamthilia ya nyimbo kwa maana kamili, ikikusanya nyimbo za makabila mbalimbali ya Kenya ili kusimulia ukandamizaji wa miaka ya ukoloni. Ilikuwa ifunguliwe katika Kenya National Theatre tarehe 19 Februari 1982. Wasanii, wengi wao wakulima na vibarua, walifika wakakuta milango imefungwa na polisi wakilinda. Wakarudi Chuo Kikuu cha Nairobi, katika ukumbi wa Theatre II, wakaendelea na mazoezi. Watu wakaja. Walijaa ukumbini, wakajaa ngazini na nje, usiku baada ya usiku, hadi hapo nako wasanii walipozuiwa kuingia mwishoni mwa mwezi huo. Tarehe 12 Machi polisi waliokuja kwa malori matatu waliubomoa ukumbi wa wazi wa Kamiriithu wenye viti zaidi ya 2,000, uliojengwa na wanakijiji kwa mikono yao.

Tutafakari kilichotokea hapo. Kisheria, tamthilia hiyo haikuonyeshwa Nairobi hata mara moja. Walichoona maelfu ya watu ni mazoezi, yaani kile ambacho mtangazaji wa leo angekiita nyuma ya pazia. Kwa sababu hiyo kila kumbukumbu ya Maitu Njugira ni kumbukumbu ya nyuma, kwa kuwa mbele ilipigwa marufuku. Ingrid Björkman alilihisi jambo hili alipowahoji watazamaji na kuchapisha kitabu chake mwaka 1989. Walichomsimulia kilihusu kule kuwapo kwao, msongamano, hatari na nyimbo, kama vile kilivyohusu wahusika na msuko. Hata hivyo kitabu hicho ni cha watazamaji. Kumbukumbu ya wanawake na wanaume walioimba, waliosafiri kutoka Limuru hadi mjini na kurudi usiku, imeandikwa kwa uchache mno, na waliokuwa watu wazima mwaka 1982 sasa ni wazee. Ngaahika Ndeenda iliporudi jukwaani mwezi Mei 2022, safari hii katika Kenya National Theatre yenyewe, vyombo vya habari viliwahoji waigizaji wapya kwa wingi, na ilikuwa haki yao. Laiti kila mmoja wao angekalishwa studio moja na mwimbaji mmoja wa zamani.

Shajara ya nani?

Kutoka hapo ni hatua fupi hadi Kawangware na maeneo ya Dagoretti yanayoizunguka. Mwaka 2004 mwelekezi wa Kiitalia Marco Baliani, kwa ushirikiano na shirika la AMREF, alitoa Pinocchio Nero, onyesho lililochezwa na vijana 20 waliokuwa wameishi mitaani Nairobi, likasafiri hadi Italia. Msingi wake ni hadithi ya Carlo Collodi ya mwaka 1883 kuhusu kikaragosi cha mti kinachotamani kuwa mtoto wa kweli. Wazo hilo lina ukali wake linapowekwa mikononi mwa watoto ambao mji umezoea kuwaita machokora. Mwaka uliofuata Baliani alichapisha shajara ya safari hiyo ya kisanaa, kwa Kiitalia. Kibera nayo ilipata kisa kinachofanana. Mwaka 2018 Marco Martinelli, Mwitalia mwingine, aliongoza watoto na vijana wapatao 150 katika kuisuka upya Komedia ya Dante, na mwaka 2019 akatoa filamu kuhusu kazi hiyo.

Hatuna sababu ya kuwadharau waelekezi hawa. Kazi waliyoifanya ni ya dhati, nasi wa vyuo vya hapa nyumbani, tulio umbali wa safari moja ya matatu, hatukuifanya. Tunachotaka kukitazama ni mgawanyo wa kumbukumbu. Nyuma ya jukwaa ya mwelekezi imekuwa kitabu na filamu. Ya kijana aliyecheza, kama iliwahi kutoka mdomoni mwake mbele ya maikrofoni, ilipata dakika ishirini zilizokatwa mara tatu na matangazo ya biashara, kisha pengine kanda ikafutwa ili nafasi ipatikane ya kipindi cha kesho. Katika shajara, mwelekezi ni nafsi ya kwanza na vijana ni nafsi ya tatu. Redioni kijana ndiye nafsi ya kwanza, na mwelekezi hugeuka kuwa mhusika: mzungu aliyepiga kelele, aliyelia, aliyesahau majina. Mageuzi hayo ya nafsi yanatosha kuufanya utanzu huu ustahili kuhakikiwa, hata kama usingekuwa na sifa nyingine yoyote.

Ipo pia tamthilia ya nyimbo iliyoiweka redio yenyewe jukwaani. Mo Faya! ya Eric Wainaina, iliyopelekwa New York mwaka 2009 katika tamasha la tamthilia za nyimbo, imewekwa katika mtaa wa kubuni wa Kwa Maji, ambamo mtangazaji DJ Lwanda anawaunganisha wakazi kwa sauti yake huku Anna Mali akiinyemelea ardhi yao. Jina la Lwanda linaturudisha kwa Lwanda Magere, jabali wa visakale vya Waluo, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na udhaifu wake umo kivulini. Wainaina alikuwa ameshughulikia kisakale hicho katika kazi ya awali. Kumgeuza shujaa wa mwili wa jiwe kuwa mtu wa sauti tupu ni uamuzi wa kisanii wenye akili, maana mtangazaji hana mwili mbele ya hadhira yake. Yeye ni kivuli kitupu. Adui akitaka kumwangamiza hana jiwe la kuhangaika nalo. Kama kuna udhaifu katika tamthilia hiyo, kwa maoni yetu, ni kwamba mtaa unasikiliza mno na unasema kidogo. Wakazi wa Kibera tunaowafahamu wangempigia DJ Lwanda simu na kubishana naye.

Kusanifisha ni kuua

Hapa ninalazimika kuiacha nafsi ya wingi, kwa kuwa kosa ni langu. Miaka kadhaa iliyopita nilimsimamia mwanafunzi wa uzamili aliyenakili mahojiano ya redio na waimbaji wa jukwaani. Nilimwagiza ayasanifishe. Alikuwa mtiifu. Mbogi ikawa kikundi, kuomoka kukawa kufanikiwa, ngori ikawa matatizo, na vicheko vyote vikaondolewa. Nakala iliyotufikia mezani ilikuwa safi, na haikuwa na maana. Kikundi, katika Kiswahili cha mitaa hii, ni kile chenye mwenyekiti, mweka hazina na cheti cha usajili kutoka ofisi ya serikali, kile kinachoalikwa na mashirika kuigiza habari za ukimwi au kunawa mikono kwa posho. Mbogi ni wale watakaokungoja usiku baada ya onyesho ili usipite peke yako njia ya reli. Msanii alikuwa ametumia maneno yote mawili, na tofauti kati yake ndiyo iliyokuwa kiini cha simulizi: kikundi kilivunjika kwa sababu ya posho, mbogi ikabaki na kumaliza onyesho. Usanifishaji wangu ulifuta msuko mzima.

Wenzetu wanaohofia kwamba Sheng itaibomoa lugha ya fasihi wana hoja zao, na si mahali pake kuzijadili hapa. Tunachosisitiza ni kwamba katika utanzu huu kuhama kutoka msimbo mmoja hadi mwingine ni mbinu ya usimulizi. Msanii huanza kwa Kiswahili cha heshima kwa kuwa yuko hewani na pengine mama yake anasikiliza. Kadiri kisa kinavyokaribia mkwamo, Sheng huingia. Kinapotua, Kiswahili sanifu hurudi. Mnakili makini anaweza kuuchora msuko kwa kufuata lugha peke yake.

Si kila kinachosemwa katika mahojiano haya ni dhahabu. Watangazaji wengi wamekwisha kuwa na kiunzi chao: utoto wa dhiki, kipaji kuonekana, mfadhili kutokea, ndege kupandwa, na ushauri kwa vijana wanaosikiliza. Msanii aliyehojiwa mara tatu hukijua kiunzi hicho kwa moyo na hukijaza bila kufikiri. Vazi lililochanika huchanika palepale kila mara. Hapo kumbukumbu imekauka kuwa fomula, wala si fomula ya aina ile aliyoisifu Albert Lord kwa watendi wa Yugoslavia, kwa kuwa haimsaidii fanani kutunga upya. Humsaidia kumaliza haraka. Kuna pia yasiyosemwa. Ni mara chache mwanamke aliyeimba jukwaani huulizwa alibadilishia wapi nguo, nani alishika mlango, na alirudije nyumbani. Fedha huguswa kwa utani tu. Nani alilipwa, nani aliahidiwa, na nani alitia sahihi karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa, ni mambo yanayopita katika kicheko kimoja kifupi kabla ya wimbo kuwekwa. Mhakiki asiyeyasikiliza kwa sauti yake, akategemea nakala, atakikosa kicheko hicho.

Sehemu ya mahojiano ambayo sisi tunaiona kuwa tajiri zaidi ndiyo ile ambayo mtangazaji huiona kuwa ya kupoteza wakati: simu za wasikilizaji. Hutokea mtu akapiga kutoka Gatwekera au Laini Saba asitake kuuliza lolote, ila kusahihisha. Umeme haukuzimika, ulikatwa. Wimbo ule haukuanza hivyo. Aliyeanguka jukwaani alikuwa dada yake mwimbaji, siye mwimbaji mwenyewe. Msanii hubisha, kisha hukubali nusu, kisha wawili hao huanza kuimba ubeti unaobishaniwa, mmoja studioni na mwingine kwenye simu yenye mwangwi, kila mmoja kwa maneno yake. Mtangazaji hujaribu kuwanyamazisha kwa kuwa saa ya taarifa ya habari imefika.